Mgeni Aliyekula Faragha: Luc de Heusch na Hadithi za Ng'ambo ya Ziwa

Hotuba kwa walimu, wanafunzi na wazee wa mji, Ujiji, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na mama zangu mliokaa kule karibu na mlango, ahsanteni kwa kuja.

Niliombwa niseme habari za msomi mmoja, na aliyeniomba nadhani alitegemea nichague mmoja wa wale Wazungu, Livingstone au Stanley, ambao majina yao tumeyazoea hapa Ujiji kwa ajili ya lile jiwe la kumbukumbu lililopo karibu na miembe. Hao wameshasemwa vya kutosha. Leo namtaja Mbelgiji mmoja aliyekwenda ng'ambo, Kongo, bila kutafuta chanzo cha mto wala pembe za ndovu. Alitafuta hadithi, akazisikiliza na kuzisoma kwa miaka karibu sitini, na nyingi kati ya hizo ni za watu ambao wajukuu wao wameketi humu ndani.

Anaitwa Luc de Heusch. Alizaliwa mwaka 1927, akafariki mwaka 2012. Alikuwa mwanaanthropolojia, mwalimu katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels, tena mtengeneza filamu. Kazi iliyompa jina ni ya kulinganisha visasili vya Wabantu: kuchukua hadithi ya Waluba, kuiweka kando ya ile ya Walunda, kisha ya Wanyarwanda, kisha ya Wakongo wa pwani ya Atlantiki, na kuuliza zinaambizana nini. Vitabu vyake vitatu juu ya visasili na ibada za Wabantu vilitoka mwaka 1972, 1982 na 2000. Cha kwanza, ambacho ndicho nitakachokizungumzia zaidi, kinaitwa *Le roi ivre*, yaani mfalme mlevi.

Kwa nini tumseme hapa na si Dar es Salaam? Wamanyema wa mji huu mnajua mlikotoka. Wapo humu wenye asili ya Wakusu, Wabembe, Wagoma, Waholoholo, na wengine ambao babu zao walivuka ziwa kwa mtumbwi, wengi wao si kwa hiari. De Heusch alifanya utafiti wake wa kwanza, mwaka 1953 na 1954, huko Kasai miongoni mwa Watetela na Wahamba. Watetela na Wakusu ni ndugu. Lugha inawaunganisha, biashara na ukoloni viliwatenganisha. Kwa hiyo alipokuwa akiandika daftari lake kule, alikuwa akiandika mambo ya shangazi zetu.

Ujana wake nitaupita haraka. Alikuwa katika kundi la wasanii lililoitwa CoBrA, jina lililotokana na herufi za Copenhagen, Brussels na Amsterdam, na huko alitumia jina la Luc Zangrie. Baadaye alitengeneza filamu juu ya mchoraji René Magritte. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: mtu aliyekaa na wachoraji wa ndoto hakushtuka alipokutana na hadithi ambayo mfalme ndani yake ni upinde wa mvua. Wengi waliomtangulia walishtuka. Wamisionari waliandika hadithi hizi na kuziita upuuzi wa wapagani, na maofisa wa serikali wakaandika kwamba ni historia iliyoharibika. De Heusch alisema hapana, huku ni kufikiri.

Fikra hiyo hakuizua peke yake. Huko Paris alisoma kwa Marcel Griaule, yule aliyewachunguza Wadogon wa Mali, lakini aliyemwelekeza hasa ni mwanaanthropolojia Mfaransa, Claude Lévi-Strauss. Huyu, kati ya mwaka 1964 na 1971, alichapisha vitabu vinne vinavyofuatilia visasili vya Wahindi Wekundu, akianza na kimoja cha Wabororo wa Brazil na kufika hadi Amerika ya Kaskazini, zaidi ya visasili mia nane kwa jumla. Njia yake ni hii: usiulize kwanza kama jambo lilitokea. Tazama vitu vinavyopingana ndani ya hadithi, kama ukavu na umaji, kibichi na kilichopikwa, kuoa ndani na kuoa nje. Kisha tazama hadithi ya jirani inavyovigeuza vitu vilevile juu chini. De Heusch aliona kwamba yaliyofanywa Amerika yangeweza kufanywa kwa Wabantu, tena huku kazi ingekuwa na faida ya ziada: lugha zetu ni za ukoo mmoja.

Sasa tuisikilize hadithi yenyewe.

Zamani nchi ya Waluba ilikuwa chini ya Nkongolo Mwamba. Alikuwa mwekundu wa mwili, mlevi na mkatili. Alikula mbele ya kadamnasi, akicheka kinywa wazi, na, watoto mtanisamehe, aliishi na dada zake mwenyewe kama wake zake. Basi akatokea mgeni kutoka mashariki, mwindaji, mwana wa mtawala huko kwao, jina lake Mbidi Kiluwe. Nkongolo akamkaribisha, akamwandalia. Mgeni hakugusa chakula. Watu wakashangaa, mtu ametoka safari ndefu, njaa ipo, na chakula hakigusi. Ikajulikana kwamba kwao mkubwa hali mbele ya macho ya watu; ikabidi atengewe faragha. Mgeni huyu hakucheka ovyo wala hakuonyesha meno. Nkongolo akampa dada zake wawili. Mmoja, Bulanda, akapata mimba, lakini kabla mtoto hajazaliwa Mbidi alikuwa amekwisha kurudi mashariki.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Kalala Ilunga. Akakua hodari wa mbio, hodari wa vita, hodari wa michezo. Siku moja wakacheza na mjomba wake, na mjomba akashindwa. Mama yake Nkongolo alikuwapo, akacheka. Nkongolo akaamuru mama azikwe mzima.

Hapo ndipo lilipokuja shimo. Nkongolo alichimba shimo, akasimika miti iliyochongwa ncha ndani yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika mpwa wake aje acheze ngoma. Kalala akaja na mkuki mkononi. Watu wamejaa, mkeka umetandikwa katikati ya uwanja, na mpiga ngoma anajua kilichopo chini. Kusema hawezi, maana mfalme anamtazama. Akaliweka onyo ndani ya mapigo ya ngoma. Kalala akacheza akisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, sikio lake likiwa kwenye ngoma, mwisho akauchoma mkeka kwa mkuki. Mkuki ukazama. Kijana akaruka uwanja, akakimbia, akavuka mto, akafika kwa baba yake mashariki.

Alirudi na jeshi. Nkongolo akakimbilia kwenye mapango ya milimani pamoja na dada zake. Asubuhi moja ya baridi akatoka kuota jua juu ya mwamba, wakamwona, wakamkamata, wakamkata kichwa, na kichwa kikafichwa kwenye kichuguu. Kalala Ilunga akawa mwanzo wa wafalme wa Waluba, wale wanaokula peke yao.

Wasimulizi wa kule huongeza na kupunguza. Zipo riwaya nyingi, yaani namna za kuisimulia, na de Heusch alizisoma zile zilizoandikwa na padre Colle katika kitabu cha mwaka 1913, na ofisa Verhulpen mwaka 1936, na wengine. Padre Colle alikuwa wa shirika lilelile la Mapadri Weupe ambalo wamisionari wake walifika hapa Ujiji mwaka 1879 kabla ya kujenga upande wa pili. Hata karatasi za Ulaya za hadithi hizi, basi, njia yao inagusa mji wetu.

De Heusch aliona nini ndani yake? Nkongolo anabeba jina la upinde wa mvua, na kwa Waluba upinde wa mvua ni nyoka wa mbinguni anayezuia mvua. Kwa hiyo mfalme yule ni kiangazi. Ni mdomo uliofunguka, ni ukoo unaojila wenyewe kwa kuoa ndani. Mbidi Kiluwe ni kinyume chake chote: mweusi, mdomo umefungwa, anaoa nje ya kwao, yuko upande wa mvua na rutuba. De Heusch anasema kisa hiki kinaeleza jinsi utawala wenye adabu ulivyoingia duniani, na kwamba utawala huo haukuota ndani ya nyumba, uliletwa na mgeni kupitia kwa mwanamke. Kila sehemu ina kazi. Kicheko cha bibi si kipambo cha msimulizi. Ni mdomo uliofunguka mahali pasipostahili, na mdomo huo unafungwa kwa udongo. Shimo la mama na shimo la mpwa ni shimo moja lililochimbwa mara mbili. Mimi niliposoma hapo nilikaa kimya kidogo, kwa kuwa hadithi za mashimo na mikeka nimezisikia tangu utotoni na sikuwahi kuwaza kwamba shimo lina hesabu yake.

Kisha anavuka kwenda kwa Walunda. Huko kuna mtawala mzee, Yala Mwaku. Katika riwaya moja mzee anasuka mkeka na chombo cha maji kipo kando yake. Maji yamegeuka meupe kwa nyuzi zilizoloweshwa, na wanawe wakidhani ni pombe wanamtukana na kumpiga. Binti yake, Lueji, anamuuguza. Mzee anamwachia binti ile bangili ya ufalme. Halafu anatokea mwindaji mgeni, Chibinda Ilunga, kutoka kwa Waluba, mtu wa uzao wa Kalala Ilunga, na Lueji anaolewa naye. Tazameni: pombe ipo tena, mwindaji yupo tena, mwanamke ni daraja tena. Lakini mfalme wa kwanza hapa si mkatili, ni mzee aliyeonewa. Hadithi imegeuzwa kama mtu anavyogeuza kanzu, ya ndani ikawa ya nje, na mishono ikaonekana.

Kazi hii ilimfikisha hadi mlangoni mwetu upande wa kaskazini. Kitabu chake cha mwaka 1966 kinahusu Rwanda na falme za Maziwa Makuu, na ndani yake yumo Ryangombe, ambaye Warundi wanamwita Kiranga na ambaye chama cha Buswezi kilimtukuza mpaka Unyamwezi, huko Tabora. Wazee wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kuelezwa. Ryangombe alikuwa mwindaji. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamkataza kwenda msituni, akatandaza mshipi wake mlangoni ili mwanawe asipite. Ryangombe akauruka mshipi wa mama yake. Huko msituni akauawa na nyati, akafia penye ule mti wa maua mekundu ambao Wanyarwanda huuita umuko na Warundi umurinzi. Baada ya kufa akawa mfalme wa mizimu, na waliojiunga na ibada yake walikuwa Wahutu, Watutsi na Watwa bila kubaguana.

De Heusch aliiona ibada hiyo kuwa ufalme wa pili uliosimama dhidi ya ufalme wa kwanza. Huku kuna mwami, yaani mfalme, na ng'ombe, vyeo na amri. Kule kuna mwindaji asiye na adabu, na watu wa tabaka zote wanaoketi pamoja chini ya mti. Kwangu mimi hizi ni kurasa zake bora kuliko zote, hata kuliko za mfalme mlevi, kwa sababu hapa hadithi imefungamana na watu wanaofanya jambo kweli, si maneno ya kwenye karatasi peke yake.

Na Rwanda ile aliipenda. Mwaka 1955 alitengeneza filamu huko, sawa na ile aliyotengeneza kwa Wahamba. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 aliandika makala kueleza jinsi utawala wa kikoloni, wa nchi yake mwenyewe, ulivyoyakausha makabila na matabaka hadi yakawa silaha. Hapa Kigoma hatukusoma habari hizo magazetini. Tuliwapokea watu.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana msomi asiyegombwa huwa hajasema kitu.

Kulikuwa na Mbelgiji mwingine, Jan Vansina, aliyezaliwa mwaka 1929. Yeye naye alikuwa Kasai mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa Wakuba, kisha akakusanya masimulizi Rwanda na Burundi. Mwaka 1961 alitoa kitabu kilichowafundisha wanahistoria kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi, mradi yapimwe kwa taratibu zake. Watu wawili wa nchi moja, umri karibu mmoja, jimbo moja la Kongo, na walipishana kabisa. Mwaka 1983 Vansina aliandika makala akiuliza, kwa maneno mengine, kama hoja ikipendeza ndiyo imethibitika. Anayetafuta vitu vinavyopingana atavipata tu. Mvua na jua havikosekani popote. Lakini nani alisimulia? Lini? Mbele ya nani? Alikuwa akila mkate wa mfalme gani?

Nami nakiri swali hilo ni zito. Hadithi ya Nkongolo tunaijua kutoka kwa upande ulioshinda. Wazao wa Kalala Ilunga ndio waliokaa barazani wakiwasikiliza wasimulizi. Nkongolo hana mzao wa kumtetea. Ukiambiwa kwamba mfalme aliyepinduliwa alikuwa mlevi, mwekundu na muoaji wa dada zake, lazima uulize kama huo ni unajimu wa mvua na kiangazi au ni masengenyo ya waliomwua. De Heusch swali hili alilipa nafasi ndogo mno. Na wale waliosimulia kwa padre na kwa ofisa, mara nyingi hatuna hata majina yao. Tuna jina la padre.

Lakini Vansina naye haniridhishi kabisa, na sababu iko hapahapa mkoani kwetu na kwa jirani. Ufipa, husimuliwa kuwa mfalme wa kwanza alikaa Milansi, na wakaja wanawake watatu wageni, wakaichukua nchi, huku Milansi ikibaki na heshima ya mambo ya mizimu na ardhi. Roy Willis, aliyekitafsiri *Le roi ivre* kwa Kiingereza mwaka 1982, ndiye huyohuyo aliyechunguza Ufipa kwa miaka mingi. Njooni sasa Buha. Mwami ni wa ukoo uliokuja kutoka nje. Lakini mwenye kuitambikia ardhi alikuwa mteko, mtu wa ukoo wa wenyeji, na mwami hakuweza kuishi bila mteko. Hii haikuwa hadithi ya kusimuliana jioni tu. Ulikuwa utaratibu wa maisha, wenye watu, wajibu na mashamba, na Waingereza waliukuta ukifanya kazi walipokuja kutawala.

Basi Waluba wana mgeni na mwenyeji, Walunda wanao, Wafipa wanao, Waha wanao. Vansina angetuambia tutafute uhamiaji, nani alitoka wapi mwaka gani. De Heusch angetuambia huu ni mtindo wa kufikiri, kwamba watu wa ukanda huu wameamua mamlaka lazima yagawanywe kati ya mwenye kiti na mwenye udongo. Mimi naona Buha inamuunga mkono de Heusch zaidi kuliko Waluba wake mwenyewe, na ajabu ni kwamba Buha hakuishughulikia sana. Watu wanapoigawa mamlaka kwa karne nyingi, kisha wakasimulia hadithi ya mamlaka kugawanyika, huwezi kusema hadithi ni nakshi tu. Wala huwezi kusema ni tarehe zilizosahauliwa.

Jambo jingine la de Heusch nilitaje kidogo: alimrudisha James Frazer mezani. Frazer ni yule Mskochi aliyeandika mwaka 1890 juu ya wafalme watakatifu wanaouawa nguvu zao zikipungua. Wasomi wa Kiingereza walikuwa wamemcheka na kumweka kabatini, kwani hakuwahi hata kufika Afrika. De Heusch akasema mzee alikosea mengi lakini hili aliliona: mfalme wa namna hii si mtawala tu, ni kitu. Mwili wake unashika mvua, mavuno na uzazi, ndiyo maana anafungiwa kwa miiko, hali hadharani, haugui hadharani. Mwenye kuvunja mwiko wa ndugu na dada, kama wafalme wengine walivyotakiwa kufanya siku ya kutawazwa, anatolewa nje ya ukoo ili awe wa wote. Aliliandika hili tangu mwaka 1958, naye akalishikilia mpaka uzeeni. Walimu wa historia, mkiwafundisha watoto falme za Maziwa Makuu kwa kutaja jeshi na biashara ya chumvi ya Uvinza peke yake, mnawapa nusu ya habari. Hayo hayaelezi kwa nini mtu mzima afichwe akila ugali.

Vijana mnaorekodi wazee kwa simu, na najua mpo wanne watano humu, nawaomba jambo ambalo de Heusch hakulifanya vya kutosha na Vansina alilisisitiza: ukiandika hadithi, andika na msimulizi, ikiwa ameridhia. Ametoka ukoo gani, aliisikia kwa nani, alikuwa akimweleza nani. Kisha fanyeni la de Heusch: msiisafishe. Kicheko cha bibi, meno, mkeka, vyote viacheni humo hata kama mnaona havina maana.

Kabla hatujaanza, kijana mmoja aliniuliza pale nje kama Mbidi Kiluwe alitoka Kigoma. Hadithi inasema mashariki, basi. Mashariki ya Waluba wapo Wahemba, kisha liko ziwa, kisha tupo sisi. Vansina angekutaka ulete ushahidi. De Heusch angekuambia mashariki ni upande wa hadithi na siyo wa ramani. Mimi nilimjibu kwamba nisingependa Kigoma ijigambe kwa mtu ambaye hakuacha hata kaburi, ingawa Mbidi angekuwa wa kwetu angekula dagaa wake chumbani.

Lakini yupo mzee hapa mbele ambaye alinishika mkono nilipoingia, akaniambia ile ya shimo na mkeka anaijua kutoka kwa bibi yake aliyevuka ziwa, na kwamba kwake mfalme ana jina jingine, na aliyeonya hakuwa mpiga ngoma. Kwangu hiyo ni habari mpya. Mzee, kipaza sauti hiki hapa. Karibu.